Tando nyembamba za molekuli ogania, na mwanga unaobadilika rangi

Ile tochi ya leza ya kijani ambayo walimu huelekeza ubaoni, kwa kawaida haianzi na kijani. Ndani yake mna leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ambayo jicho haliioni. Ikipenya kifuwele kidogo, hutoka na nanomita 532, yaani kijani: urefu wa wimbi umekuwa nusu. Fizikia ya mambo haya huitwa optiki isiyo ya mstari.

Mwanga wa kawaida huzitikisa elektroni za kitu kwa kiasi kinacholingana na nguvu yake, na rangi haibadiliki. Mwanga wa leza ukiwa mkali mno, katika vitu fulani elektroni huyumba zaidi upande mmoja kuliko wa pili, na kuyumba huko huzaa rangi mpya. Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walilionyesha hilo mwaka 1961 kwa leza ya rubi na kipande cha kwatzi. Alama waliyoipata kwenye picha ilikuwa hafifu hivi kwamba, inasimuliwa, jaridani ilifutwa ikidhaniwa ni uchafu.

Molekuli ogania, zenye mifupa ya kaboni, huifanya kazi hii vizuri sana zikiwa na kundi la atomi la kutoa elektroni upande mmoja na la kuzivuta upande wa pili. Paranitroanilini ndiyo mfano wa darasani. Taabu yake ni kwamba molekuli za namna hii zikiachwa zijipange zenyewe, mara nyingi hulala mzungu wa nne, kichwa cha hii kwenye miguu ya ile. Hapo zinafutana, na rangi mpya haitoki.

Utando mwembamba ni mbinu ya kuzilaza upande mmoja. Katika njia ya wanasayansi Langmuir na Blodgett, molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia humwagwa juu ya maji ya beseni, husukumwa kwa kizuizi mpaka zibanane, kisha kioo huchovywa na kutolewa taratibu. Kila mchovyo huacha safu yenye unene wa molekuli moja, kama nanomita 2 au 3. Lakini kioo kikishuka na kupanda, safu inayofuata mara nyingi hujibandika kinyume: mzungu wa nne tena! Dawa ni kupishanisha molekuli za aina mbili ili zisifutane.

Beseni la kazi hiyo lina asili ya jikoni. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, alipima nyuso za maji nyumbani, na barua yake kwa mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh ikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Mdogo wake, Friedrich, ndiye aliyechunguza jinsi umeme unavyobadilisha mwendo wa mwanga ndani ya fuwele. Athari hiyo yenye jina lake ndiyo inayotumika leo kupachika data kwenye mwanga wa mkongo wa mawasiliano.

Kwa vifaa vya kupachika data hivyo, watu hupendelea njia nyingine ya kuzilaza molekuli upande mmoja: molekuli ogania za rangi huchanganywa na polima, yaani plastiki, utando hupashwa moto hadi ulainike, molekuli hunyooshwa kwa umeme, kisha hupozwa umeme ukiwa bado umewashwa. Polima bora huhitaji volti chache kuubadilisha mwendo wa mwanga. Lakini joto na miaka huzilegeza molekuli, nazo hurudi kutawanyika ovyo. Fuwele ya lithiamu niobeti hudai volti zaidi, ila mpangilio wake haulegei, na mitambo mingi bado imeng'ang'ania hiyo.