Ukibadilisha picha, kazi hazifutiki: dhana potofu kuhusu sura ya kompyuta

"Mwalimu, nikiitoa hii picha ya bluu, hesabu zangu hazitapotea?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja, mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwao. Mausi alikuwa ameiinua kabisa kutoka mezani, kama mtu aliyeshika yai. Swali lake si la ajabu. Wanaoanza kompyuta karibu wote huliuliza, wengine kwa mdomo, wengine kwa kukataa tu kugusa. Lililonishangaza ni jingine. Hesabu za kikoba za miaka mitatu zilikuwa zimelala palepale kwenye skrini ya kwanza, hazina nakala popote, na hilo halikuwahi kumnyima usingizi. Ndivyo tulivyo wengi na hii skrini, ambayo Kiswahili cha kompyuta kinaiita eneokazi: tunaogopa pasipo na hatari, na penye hatari tunapita tukiimba.

"Picha ya nyuma ndiyo Windows yenyewe"

Picha ya nyuma ni kitambaa cha meza. Ukikitandua, vikombe vinabaki. Bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, chagua Personalize, ingia Background, chagua picha unayoitaka. Usipoipenda, rudi uweke ya zamani. Hakuna barua wala hesabu inayoguswa.

Nadhani dhana hii ilikua kwa sababu picha moja ilikaa mbele ya macho yetu miaka mingi mno: kile kilima cha kijani chenye mawingu meupe kwenye Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Ilikuwa kwenye kila ofisi na kila steshenari, mpaka watu wakaamini kompyuta inazaliwa nayo. Wengine hadi leo watakubishia kwamba ilichorwa kwa kompyuta. Ni picha halisi, ya filamu, aliyoipiga Charles O'Rear pembeni mwa barabara katika kaunti ya Sonoma, California, mwaka 1996. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakuongeza rangi kwa kompyuta.

"Picha kubwa inaifanya mashine kuwa nzito"

Hapa tupige hesabu. Skrini nyingi za laptopu zina nukta, vile vidoti vinavyojenga picha, 1920 kwa 1080. Kila nukta ikichukua baiti 4 kwenye kumbukumbu, picha nzima ni baiti 8,294,400, yaani kama MB 8. Kwenye mashine yenye RAM, yaani kumbukumbu hiyo, ya GB 4, hiyo ni kama sehemu moja kati ya 500. Na haijalishi faili uliyoitoa kwenye simu ilikuwa na uzito gani, kwa sababu inayobaki kuonyeshwa ni picha iliyopunguzwa kulingana na skrini.

Mashine yako ni nzito kwa sababu nyingine. Mara nyingi ni programu kumi zinazojiwasha pamoja nayo, au diski ya zamani ile ya kuzunguka. Picha zinazocheza kama video, hizo kweli hula betri na nguvu. Za kupishana kila baada ya dakika kadhaa zina mzigo mdogo sana, na bado Windows ina kitufe cha kuzisimamisha unapotumia betri.

"Nikifuta aikoni nimefuta programu, nikiinakili nimenakili faili"

Kama ungeniruhusu kufundisha jambo moja tu, ningechagua hili.

Aikoni, vile vipicha vidogo unavyobofya, nyingi za kwenye eneokazi ni njia za mkato. Angalia kona ya chini kushoto ya aikoni: ukiona kamshale kadogo, hicho si kitu chenyewe, ni kibao cha barabarani kinachosema kitu kiko wapi. Ukifuta kibao, nyumba haibomoki. Programu bado ipo, utaikuta ukiandika jina lake kwenye menyu ya Start. Kwa hiyo yule anayefuta aikoni ya mchezo akidhani ameokoa nafasi kwenye diski ameokoa KB mbili tatu, basi.

Upande wa pili ndio wenye machozi. Kijana anakuja steshenari saa mbili asubuhi na fleshi yake, ripoti inatakiwa saa nne. Anachomeka, tunafungua, kuna kitu kimoja tu: jina la ripoti, na mbele yake neno "Shortcut". Ukubwa KB 2. Ninabofya, mashine inajibu kwamba inachokitafuta hakipo. Bila shaka hakipo. Kiko nyumbani Mbagala, kwenye laptopu aliyoiacha kitandani. Alichobeba ni kibao cha barabarani. Nimeiona hii mara nyingi kiasi kwamba siku hizi mtu akiingia anahema ninamuuliza kwanza: "Una KB ngapi?" Ripoti ya kurasa arobaini yenye picha haiwezi kuwa KB 2. Kabla hujachomoa fleshi, ifungue faili ukiwa kwenye fleshi yenyewe, na kamshale kakiwepo ujue bado hujabeba kitu.

Na vile visivyo na mshale? Hivyo ni faili na folda halisi, na hapo linaingia kosa la mama wa kikoba. Watu wanadhani eneokazi ni mahali pa pekee, nje ya diski, kama kibaraza. Ni folda ya kawaida, inaitwa Desktop, na iko ndani ya C, diski kuu ya mashine, kwenye folda yenye jina lako la mtumiaji. Siku fundi atakapokuambia "hii tunaipiga Windows upya" na kuisafisha C, kila kilichokuwa juu ya skrini kinaondoka nayo. Fundi mzuri atakuuliza kwanza. Si wote wanaouliza. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea mashine yangu inang'aa kama mpya, nikatafuta folda ya mitihani hadi usiku wa manane.

Kwenye mashine mpya, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, huenda folda hiyo inanakiliwa OneDrive, ghala la Microsoft la mtandaoni, bila wewe kukumbuka kuruhusu. Ni msaada, lakini nafasi ya bure ni GB 5, na ukifuta faili upande mmoja inafutika na upande wa pili. Mama wa kikoba tulimhamishia hesabu zake kwenye folda ya Documents, na kwa kuwa nayo imo ndani ya C, tukaweka nakala kwenye fleshi inayokaa kabatini.

Ndogondogo za kila siku

Aikoni zote zimepotea ghafla, na jirani kasema ni virusi? Kabla hujamlipa mtu, bofya kulia mahali patupu, nenda View, uangalie kama Show desktop icons ina alama ya vema. Mara nyingi ni mtoto aliyecheza na mausi. Aikoni zimekuwa kubwa kama sahani? Shika Ctrl, zungusha gurudumu la mausi.

Herufi ni ndogo, wengi hushusha idadi ya nukta za skrini. Herufi zinakua, ndiyo, lakini zinakuwa na ukungu, kwa sababu skrini bapa zina idadi yake moja ya nukta iliyotoka nayo kiwandani. Iache hiyo, panda Scale, mpangilio wa ukubwa wa maandishi, iweke asilimia 125 au 150. Nimewahi kumwona mtu anabadilisha miwani kwa ajili ya hili.

Ile picha inayocheza mashine ikiachwa haihifadhi umeme. Kazi yake ilikuwa kulinda vioo vya zamani vya mgongo mkubwa, ambavyo picha iliyosimama muda mrefu iliviachia kovu. Ukitaka kuokoa umeme, iambie skrini izime. Na ule mwonekano mweusi hubana betri kwenye skrini za OLED tu, ambako kila nukta inajiwashia taa yake. Kwenye skrini za LCD taa ya nyuma inawaka vilevile, hata kukiwa kweusi tii.

"Hii kompyuta haikubali kubadilishwa"

Zamani ilikuwa kweli. Windows 7 Starter, iliyotoka mwaka 2009 na kuuzwa kwenye vile vilaptopu vidogo, ilizuiwa kubadilisha picha ya nyuma. Vingi viliingia kwetu, na neno likabaki. Siku hizi ikikataa, mara nyingi ni Windows isiyo na leseni, ile yenye maandishi hafifu kona ya chini kulia, au ni mashine ya ofisi ambayo mtu wa IT ameifunga. Lugha nayo inabadilika: Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za Windows 10, isipokuwa toleo la Home Single Language halitakuruhusu. Wala si jambo la juzi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

"Mandhari za bure mtandaoni ni picha tu"

Hapa sasa ndipo pa kuogopa. Picha huishia na .jpg au .png. Kifurushi cha "mandhari" kinachoishia na .exe au .scr ni programu, na programu inaweza kufanya lolote. Ubaya ni kwamba Windows huficha miishio hiyo, hivyo maua.jpg.exe utaliona kama maua.jpg. Fungua File Explorer, ingia View, washa File name extensions. Mandhari za bure zimejaa kwenye Microsoft Store, na picha za simu yako hazina gharama.

Mama wa kikoba alichagua picha ya wajukuu, iliyopigwa simu ikiwa wima. Skrini imelala, picha imesimama. Windows ikaijaza skrini kwa kukata juu na chini, wajukuu wakabaki vifua. Tulibadilisha Fill kuwa Fit, vichwa vikarudi, pembeni pakabaki peusi. Akaitazama. "Sasa hii Recycle Bin imemkalia mdogo usoni," akasema, na mausi safari hii ilikuwa mezani, anaivuta mwenyewe.