Zabuni Hupotea Kabla Bei Haijasomwa

Katika vikao vya tathmini ya zabuni nilivyokaa hapa Tanga, aliyeniuma zaidi si mfanyabiashara aliyezidiwa bei. Ni yule mwenye mali nzuri, anayejulikana kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni, ambaye jina lake lilikatwa hatua ya kwanza kwa sababu leseni yake ya biashara ilikuwa imekwisha muda wiki mbili nyuma. Bei yake hatukuifikia kabisa. Mtaani atasema zabuni za serikali zina wenyewe, na sitamlaumu, maana hakuna aliyemweleza.

Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huohuo ndiyo inayosimamia kazi yote. Kujisajili unahitaji namba ya NIDA, TIN, leseni na simu yenye intaneti. Wengi hukimbilia steshenari, kijana anawasaidia, jambo jema. Ila naomba sana: usikubali aandike namba yake ya simu na barua pepe yake. Nimekutana na mama mmoja aliyeshinda zabuni ya vifaa vya usafi, ujumbe ukaenda kwa kijana ambaye alishahamia Dar es Salaam. Muda wa kukubali ukapita. Nywila ya NeST ni kama ufunguo wa duka, hukai nao wewe, anakaa nao mwingine?

Jambo la pili ni laini ya biashara, yaani aina ya bidhaa au huduma, unayochagua wakati wa kujisajili. Ukichagua vifaa vya ofisi peke yake, zabuni za chakula hutaweza kuziomba hata kama ghala lako limejaa mchele.

Sheria pia imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mlango wa kuingilia ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako. Nenda na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na akaunti ya benki ya kikundi. Akaunti ya mwenyekiti haifai.

Watu huogopa zaidi wakisikia jeshi. Ni kweli, vyombo vya ulinzi vina orodha ya mahitaji ya siri, na hayo hayatangazwi. Lakini ipo na orodha ya wazi. Kambi nayo inakula, inafagiwa, inapakwa rangi, na ofisi zake zinahitaji karatasi na wino kama ofisi nyingine. Mkoa wetu una JKT Maramba kule Mkinga na JKT Mgambo kule Handeni. Mfanyabiashara wa mboga au vifaa vya ujenzi hana sababu ya kuona sare akarudi nyuma. Anachotakiwa ni kuleta mzigo siku na saa iliyoandikwa, kwa sababu huko ratiba haibembelezwi.

Sasa bei, maana hapa ndipo hata washindi wanapoumia. Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayeomba kushona mashuka 200 ya wodi, kila moja shilingi 18,000. Jumla ni 3,600,000, na kwa macho inapendeza. Kitambaa na uzi ni 2,500,000. Mafundi wawili wa kumsaidia, 400,000. Nyaraka zinataka kila shuka lichapwe jina la hospitali, kwa hiyo 200,000 nyingine, kipengele ambacho wengi hukisoma baada ya kushinda. Usafiri 60,000. Kisha anayelipa atakata kodi ya zuio asilimia 2, yaani 72,000. Hiyo si hasara, TRA itamhesabia akitunza cheti chake, ila leo mkononi haipo. Kinachobaki ni 368,000.

Tuseme zile 2,500,000 alizikopa mtaani kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na malipo yakachukua miezi mitatu. Riba peke yake ni 375,000. Ameshona mashuka 200 na ametoa 7,000 mfukoni. Angekuwa na mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na ulioanza kutolewa tena mwaka 2024, asingelipa riba, na zile 368,000 zingekuwa zake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika bei, jiulize pesa ya mtaji inatoka wapi na utayasubiri malipo kwa muda gani.

Ukishapata LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza mzigo, usipeleke mzigo bila kuisoma tena. Kamati ya ukaguzi na mapokezi itahesabu na kulinganisha na kilichoandikwa. Shuka likipungua inchi mbili linarudi. Wakipokea, ondoka na nakala ya hati ya mapokezi yenye saini na muhuri, toa risiti ya EFD kama unatumia mashine, na peleka ankara siku hiyohiyo. Malipo mengi yanayochelewa huwa yanasubiri karatasi moja kati ya hizi.

Na ukishindwa? Mfumo utakuletea taarifa ya kusudio la kumpa fulani zabuni, ikiwa na sababu ya wewe kukosa. Isome. Ukiona umeonewa, una siku 5 za kazi kulalamika kwa Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi hiyo, kupitia NeST, na usiporidhika na jibu lake unakwenda Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma. Taarifa ikiingia Alhamisi, hesabu Ijumaa, ruka Jumamosi na Jumapili. Mwisho wako ni Alhamisi inayofuata.