Uma Devi na Tun Tun: mwimbaji aliyefunikwa na kicheko

Kila tunapopokea vijana wapya katika kitengo chetu cha kumbukumbu za filamu, nawawekea wimbo mmoja wa Kihindi wa mwaka 1947 bila kuwaonyesha picha. Ni wimbo wa taratibu, wa mwanamke anayeandika kisa cha moyo wake usiotulia. Nawauliza: huyu mwimbaji mnamwonaje? Mwembamba, wanasema. Macho makubwa, shela kichwani, pengine amekaa dirishani. Kisha nawawashia kipande cha vichekesho cha miaka ya 1950. Bibi mnene wa sari anaingia sebuleni kwa kishindo, na bwana mmoja mfupi, anayemfika kifuani tu, anamkwepa nyuma ya kiti. Vijana wanacheka. Nawaambia ni yuleyule. Kicheko hukatika, na mara zote yupo mmoja atakayeomba turudie wimbo.

Jina lake la kuzaliwa ni Uma Devi Khatri. Alizaliwa tarehe 11 Julai 1923 upande wa Amroha, kaskazini mwa India, akabaki yatima angali mdogo kiasi kwamba ukubwani hakuweza kuzikumbuka sura za wazazi wake. Jamaa waliomchukua walimfanya mtumishi wa nyumba. Hakupata mwalimu wa muziki, jambo lililokuja kumgharimu baadaye. Katikati ya miaka ya 1940 alitoroka akaenda Bombay, ambayo leo ni Mumbai, akagonga mlango wa Naushad Ali, mtunzi wa muziki aliyekuwa akipanda chati wakati ule. Inasimuliwa kwamba alimwambia wazi: ukinikataa, najitosa baharini. Naushad alimsikiliza, na filamu ya Dard ya 1947 ndiyo iliyomtoa. Wimbo wake wa Afsana Likh Rahi Hoon ulivuma India nzima, na ndio huo ninaowawekea vijana.

Hapa lazima nieleze kidogo namna nyimbo za filamu za Kihindi zinavyotengenezwa, maana bila hilo kisa hakieleweki. Mwimbaji huingia studio akarekodi, na muigizaji husimama mbele ya kamera akachezesha midomo. Mtazamaji anaona mtu mmoja, kumbe ni wawili. Sahani nyingi za santuri za wakati ule hazikuandikwa hata jina la mwimbaji. Ziliandikwa jina la mhusika wa kwenye filamu. Katika Dard, uso ulioonekana ukiimba kwa sauti ya Uma Devi ulikuwa wa Munawwar Sultana, mmoja wa warembo wa sinema wa kipindi hicho.

Umaarufu huo haukudumu. Uma Devi hakuwa na sauti ya kupanda juu sana wala ya kukimbia, na mwaka 1949, filamu ya Mahal ilipomtambulisha vilivyo mwimbaji Lata Mangeshkar, watunzi wote wakaanza kutafuta sauti nyembamba za namna ile. Kwa mtu aliyejifundisha mwenyewe, hapo pa kushikilia hapakuwapo. Naushad, aliyemjua kwa maneno yake ya haraka na utani usiokauka, akamshauri aigize. Naye akakubali kwa sharti: filamu ya kwanza acheze pamoja na Dilip Kumar, nyota mkubwa wa wakati ule. Nampenda kwa sharti hilo. Yatima asiye na kazi, na bado anachagua wa kucheza naye.

Akapewa. Babul ilitoka mwaka 1950, muziki wa Naushad, waigizaji wakuu Dilip Kumar, Nargis na Munawwar Sultana. Ndiyo, Munawwar yuleyule. Miaka mitatu nyuma Uma Devi alikuwa sauti ya mrembo huyu. Sasa wako filamu moja, mrembo akiwa bado mrembo, na yeye akiwa wa kuchekwa. Ndipo alipobandikwa jina la Tun Tun, na wengi husema aliyelitoa ni Dilip Kumar mwenyewe. Tangu hapo jina hilo likalifunika la Uma Devi.

Filamu ya Kihindi ya wakati ule ilikwenda saa mbili na nusu hadi tatu, na ndani yake kulikuwa na kisa kidogo cha pembeni cha vichekesho, chenye wahusika wake, kilichopachikwa ili watu wapumue kati ya kilio na kilio. Kwa kuwa kiliweza kupigwa picha peke yake kwa siku chache, mchekeshaji mmoja aliweza kuwa katika filamu nyingi kwa mwaka. Hiyo ndiyo siri ya Tun Tun kutokea katika filamu zinazokaribia 200. Na kwa sababu dakika zenyewe zilikuwa chache, hakukuwa na muda wa kumjenga mhusika. Mtazamaji alitakiwa acheke mlango unapofunguka tu, kwa hiyo mwili ulifanya kazi ya mwandishi. Tun Tun akawekwa na wachekeshaji wenzake, Mukri, aliyekuwa mfupi sana, au Johnny Walker, na mzaha ukawa umekwisha kuandikwa kabla ya neno la kwanza.

Muongozaji Guru Dutt, kwa maoni yangu, alimtumia kwa heshima kidogo. Katika Pyaasa ya 1957 Tun Tun ni Pushplata, rafiki wa zamani wa chuoni wa mshairi Vijay. Atazame anavyozungumza. Amechangamka, hana haya, na anakwenda kwa mapigo ya mtu anayejua muziki. Ni dakika chache tu.

Filamu hizi zilifika kwetu pwani pia. Majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa yalijaa kwa picha za Kihindi. Watu wetu wanajua vizuri jina la uhusika linavyoweza kummeza mtu: Kenya nzima humwita Mary Khavere Mama Kayai, tangu siku za Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni. Tofauti ni kwamba Mama Kayai ni jina la heshima. Tun Tun lilishuka mitaani likawa neno la kumtania mwanamke yeyote mnene, kama tunavyoita watu bonge au tipwatipwa. Msichana wa India aliyeitwa hivyo shuleni hakuwa na habari kwamba mwenye jina aliwahi kuimba.

Kuanzia miaka ya 1970 mashujaa wa filamu walianza kuchekesha wenyewe. Katika Namak Halaal ya 1982 Tun Tun yumo, lakini anayevunja watu mbavu ni shujaa mwenyewe, Amitabh Bachchan. Kile kisa cha pembeni kikapungua, na kazi yake nayo. Filamu yake ya mwisho ni ya 1990. Alifariki Mumbai tarehe 24 Novemba 2003, akiwa na miaka 80.

Kwenye kadi zetu za zamani alikuwa na droo mbili. Uma Devi alikaa kwa waimbaji, Tun Tun kwa wachekeshaji, na aliyezipanga hakuandika popote kwamba ni mtu mmoja. Niliongeza mstari huo kwa kalamu, kadi zote mbili, nikaanza na ya wimbo.