Kiazi kitamu cha mapambo: uliza jua kwanza, rangi baadaye

Mama mmoja alisimama mbele ya vyungu vyangu hapa Mbezi, akainua tawi lenye majani ya kijani cha ndimu, akaligeuza huku na huku. "Mwanangu, haya si matembele?"

Ndiyo mama, ni matembele. Ni Ipomoea batatas, kiazi kitamu kilekile ambacho Usukumani hukatwa vipande, kikaanikwa juani na kuitwa michembe. Tofauti ni moja tu: hapa aliyechagua mbegu alitazama jani, hakutazama kiazi.

Kwa hiyo, ukijua kulima matembele nyuma ya nyumba, nusu ya kazi unaijua tayari. Nusu iliyobaki ndiyo inayowasumbua wateja wangu, nayo ni mwanga. Mtu anafika, anaipenda nyeusi, anaondoka nayo. Mimi siku hizi sitoi chungu kabla ya kuuliza: unaenda kuiweka wapi, na jua linafika hapo saa ngapi?

Tuanze na hiyo ya kijani cha ndimu, ambayo jina lake ni Margarita. Jani lake lina umbo la moyo na ukubwa wa kiganja. Kwenye jua kali rangi yake huelekea kwenye dhahabu, na kivulini hurudia ukijani. Kote kuwili inapendeza, ndiyo maana anayeanza mimi humpa hii. Ardhini hutambaa upesi na kufunika udongo mpaka magugu yanakosa nafasi. Ila Margarita haijasahau asili yake, inajaza viazi hasa. Mwaka juzi nilipasua chungu cha udongo kilichokuwa kinatuamisha maji, nikakuta kiazi kimejibana ukutani mpaka upande mmoja umekuwa bapa, kimechukua umbo la chungu. Ukiona maji hayazami, au udongo unainuka katikati, usiongeze samadi. Toa mmea, punguza viazi, uurudishe na udongo mpya.

Wengi huniuliza kama viazi hivyo vinaliwa. Havina sumu. Nilichemsha kimoja nilichokuwa nimekilima bila dawa, kikawa na majimaji na sukari kidogo sana. Lakini mmea ulioununua kwenye bustani ya maua usiule, si kiazi wala majani, kwa sababu hujui umepuliziwa nini na lini.

Nyeusi inaitwa Blackie. Jani lake limechanwa kama la muhogo, zambarau iliyokolea hadi kuonekana nyeusi, na mara mojamoja hutoa ua la zambarau hafifu lenye umbo la tarumbeta. Weusi huo unatokana na rangi ya asili iitwayo anthosiyanini, ambayo mmea huitengeneza kwa wingi unapopata jua. Hapo ndipo nilipomkosesha mteja mmoja. Alitaka nyeusi kwa ajili ya kibaraza chenye paa la bati na ukuta pande tatu, nami nikamuuzia bila kuuliza. Baada ya wiki sita alinitumia picha: majani madogo, rangi ya kijani iliyochafuka, na marando yamerefuka kama kamba ya kuanikia nguo, jani hapa, jani kule. Mmea ulikuwa unautafuta mwanga. Tuliuhamishia kwenye ngazi za mbele, ambako jua linapiga tangu asubuhi hadi saa nane mchana, na tukakata marando yote yakabaki urefu wa shubiri. Majani mapya yalitoka meusi. Yale ya zamani hayakubadilika, na hayabadiliki, kwa hiyo usiyasubiri.

Tricolor ni habari nyingine kabisa. Kila jani lina kijani, nyeupe na waridi, na waridi huonekana zaidi kwenye machipukizi machanga. Sehemu nyeupe haina klorofili, kwa hiyo haiutengenezei mmea chakula, na ndiyo maana Tricolor hukua polepole ukilinganisha na nduguze. Jua la asubuhi linaifaa. Jua la saa saba la Dar es Salaam mwezi wa Januari huunguza kingo nyeupe zikawa kahawia kama karatasi iliyokaribia moto. Na kuna jambo ambalo lazima ulikague kila wiki: wakati mwingine hutoka chipukizi lenye majani ya kijani kitupu. Likate palepale, hadi linapoanzia. Lina nguvu kuliko wenzake, na ukiliacha miezi miwili utakuwa na chungu cha matembele ya kawaida.

Kisha kuna kundi la Sweet Caroline, ambalo binafsi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Lilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, mjini Raleigh, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kazi ya Craig Yencho na Kenneth Pecota. North Carolina ndilo jimbo linaloongoza kwa kilimo cha viazi vitamu Marekani, na watafiti haohao ndio waliotoa Covington, kiazi cha chakula, mwaka 2005. Katika mimea ya mapambo walitafuta kilicho kinyume cha mkulima anachotaka: mmea wa pingili fupi, usiotambaa ovyo, usiojaza viazi vikubwa vya kupasua chungu. Ndiyo maana Sweet Caroline yenye rangi ya shaba au zambarau inakaa vizuri hata kwenye chungu cha dirishani, pamoja na maua mengine, bila kuyameza.

Kwao huko baridi kali huua mmea, kwa hiyo watu hununua upya kila mwaka. Huku pwani unaishi mwaka hadi mwaka. Wenzetu wa Njombe na Makete wauweke ndani Juni na Julai.

Usipoteze muda na mbegu za ndani ya ua. Kiazi kitamu kina kromosomu 90, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi, katika seti sita, na mbegu zake hutoa watoto wasiofanana na mama. Aina huhifadhiwa kwa kukata marando. Mimi huchukua ncha yenye vifundo vinne au vitano, nakata asubuhi kabla ya jua kukolea, naondoa majani ya chini, nasubiri utomvu mweupe ukauke kidogo, kisha nafukia vifundo viwili au vitatu. Weka kivulini wiki moja. Mizizi hutokea ndani ya siku chache tu, na ukishavuta kidogo ukahisi umeshika, anza kuutoa juani taratibu. Mche ukifikisha majani sita, kata ncha yake. Watu wanaona uchungu kukata, lakini bila hivyo unapata rando moja refu badala ya kichaka.

Udongo wangu ni makopo mawili ya udongo wa juu, moja la mboji iliyoiva, moja la mchanga. Urea siipendi kwa mimea hii, inarefusha pingili na kupoza rangi. Kuhusu maji: majani yakilegea saa saba mchana, usikimbilie ndoo. Chomeka kidole. Kama udongo una unyevu, mmea unajikinga na joto, na jioni utasimama wenyewe. Kumwagilia kila unapolegea ndiko kunakoozesha mizizi.

Sasa lililo zito. Huu mmea unashiriki maradhi yote ya viazi vya chakula. Fukusi hutaga kwenye shina karibu na udongo na kwenye viazi. Vidukari na inzi weupe hubeba virusi, na aina mbili za virusi zikikutana ndani ya mmea mmoja, majani hudumaa na kujikunja. Kwenye tembele la kijani unaona upesi, kwa sababu jani hupauka. Kwenye Margarita, ambayo ni ya njano tayari, na kwenye Blackie, mpauko huo hauonekani. Kwa hiyo usitazame rangi, tazama umbo: jani jipya likitoka dogo kuliko la nyuma yake, jembamba, lenye mikunjo, wiki mbili mfululizo na maji yapo, mmea unaumwa. Hakuna dawa ya kupulizia inayotoa virusi, na kila rando utakalokata humo litazaliwa na ugonjwa.

Ng'oa pamoja na viazi vyake, choma, na udongo ule usipandie kiazi kingine. Kama jirani ana matuta ya viazi upande wa pili wa ukuta, fanya siku hiyohiyo, maana inzi weupe hawaulizi kipi ni cha chakula na kipi ni cha pambo. Mimi mwezi wa Februari, kabla ya masika, hukagua chungu kimojakimoja, nachagua mama watano wenye afya kwa kila aina, na marando ya mwaka mzima huyakata kwa hao tu.