Hattin 1187: jeshi lililomalizwa na kiu

Wageni wakifika kwenye ukumbi wetu wa historia swali haliishi, kwenye Vita vya Msalaba nani alikuwa na imani kali, Wakristo au Waislamu? Mi huwa nawaambia tuanze na maji, imani tutaikuta mbele.

Mwanzoni mwa Julai 1187 jeshi la Guy, mfalme Mkristo wa Yerusalemu, watu kama 20,000 hivi, lilikuwa limetulia Saffuriya penye chemchemi. Salahuddin, sultani wa Waislamu, akaizingira Tiberia kando ya ziwa, makusudi kabisa, awatoe hapo. Sasa mke wa Raymond wa Tripoli (ile ya Lebanon), mmoja wa wakuu wa jeshi la Guy, ndo alikuwa kafungiwa ngomeni kule, na bado ni huyo huyo Raymond aliyesema jamani tusiende, njiani hakuna maji ya kututosha. Usiku mkuu wa Matemplari, wale watawa wapiganaji wa Kikristo, Gerard de Ridefort, akaenda kwa mfalme akamgeuza, asubuhi ya tarehe 3 hao wakaondoka.

Jua la Julai, mwilini deraya za chuma, nyuma wapiga mishale wa Salahuddin juu ya farasi hawawapi hata nafasi ya kupumua, jioni ikawakuta njiani wakalala na kiu yao. Upande wa pili ngamia wanapandisha viriba vya maji kutoka ziwani! Kisha nyasi kavu zikatiwa moto, moshi wote ukawaendea wao. Kesho yake askari wa miguu wakakimbilia vilima vya Hattin, ziwa wanaliona kwa macho na kulifikia hawawezi.

Vita vilipoisha Guy akaletwa hemani kwa Salahuddin, akapewa maji yaliyopozwa kwa theluji, akanywa akampasia Reynald wa Châtillon, yule mkuu wa Kikristo aliyevamia msafara wa Waislamu wakati mkataba wa amani upo. Salahuddin akasema huyu sijamnywesha mimi, maana kwa mila yao mateka ukishampa maji umempa na usalama wake. Reynald akauawa pale pale, Guy akabaki hai.

Yerusalemu ikabaki haina jeshi la maana, tarehe 2 Oktoba ikajisalimisha. Hakukuwa na mauaji kama ya 1099 Wakristo walipoiteka, watu walijikomboa kwa hela, mwanaume dinari 10, mwanamke 5. Ila maelfu waliokosa hizo dinari walipelekwa utumwani, na hapo wanaomsifia Salahuddin huwa wanaparuka.