Ardhi hatarishi katika michezo ya mikakati: maana yake na namna ya kuipanga kwenye ramani

Katika michezo ya mikakati ya kifantasia ya kupokezana zamu, ardhi hatarishi ni eneo la ramani linalomtoza askari kitu zaidi ya hatua anazotumia kulipita. Linaweza kumtoza uhai, zamu, au uwezo wa kuamua aelekee wapi. Mto wa lava, kinamasi chenye mvuke wa sumu, barafu inayomtelezesha mtu asikotaka, ukingo wa genge: vyote vimo. Msitu unaopunguza mwendo tu haumo, huo ni ardhi nzito. Mlima usiopandika nao ni ukuta uliopakwa rangi nyingine. Ili eneo liwe hatarishi, mchezaji lazima aweze kuingia, tena awe na sababu ya kutaka kuingia. Sababu hiyo ndiyo wabunifu wengi wanaisahau. Wanachora ziwa la moto katikati ya ramani, kila mtu analizunguka, linabaki pambo.

Kabla ya kuamua lava inaunguza kiasi gani, amua inaunguza lini. Kuna nyakati tatu zinazotumika: askari anapokanyaga mraba, zamu yake inapoisha akiwa juu yake, au zamu yake inayofuata inapoanza. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi lakini inabadilisha ramani nzima.

Chukua askari wa miguu mwenye uhai 20 na hatua 4 kwa zamu. Lengo liko miraba 8 mbele, na mkanda wa lava umekaa kwenye mraba wa 3, wa 4 na wa 5. Njia ya kuzunguka ina miraba 12, yaani zamu tatu badala ya mbili. Lava inakula uhai 4. Ukihesabu kila mraba unaokanyagwa, kukatiza kunagharimu uhai 12 ili kuokoa zamu moja, na hakuna mwenye akili timamu atakayekubali. Ukihesabu mwisho wa zamu, askari anasimama mraba wa 4, anaungua mara moja, na zamu ya pili anafika akiwa na uhai 16. Hapo kuna cha kufikiria.

Ila kuna mwanya. Akisimama mraba wa 2, zamu inayofuata anavuka hadi wa 6 bila kuungua, na anafika zamu ya tatu sawasawa na aliyezunguka. Barabara ndefu haina kazi tena. Panua mkanda uwe miraba minne, kutoka wa 3 hadi wa 6, na mwanya unaziba, maana hatua 4 kutoka mraba wa 2 zinaishia motoni. Kwa hiyo, ukihesabu mwisho wa zamu, upana wa mkanda usipungue hatua za askari unayetaka auogope. Mpanda farasi mwenye hatua 6 bado atapita: anasimama wa 2, kisha wa 8. Mwache apite, farasi lazima awe na faida yake.

Kama mchezo wako una uwezo wa kusukumana, hesabu ya mwisho wa zamu itakuangusha. Askari aliyesukumwa motoni wakati wa zamu ya adui atatoka kwenye zamu yake kabla hajaungua, na mchezaji aliyemsukuma atadhani programu ina hitilafu. Hapo hesabu anapoingia, au zamu yake inapoanza. Usichanganye kuingia na mwisho wa zamu kwenye mraba mmoja, kwani anayeingia na kusimama atalipa mara mbili. Katika Into the Breach wa 2018, ingawa si mchezo wa kifantasia, adui wengi wa nchi kavu wakisukumwa majini wanakufa papo hapo, na uwanja wake ni wa miraba 8 kwa 8 tu. Hatari ya namna hiyo inafaa pale mchezaji anapoweza kuiona mapema. Usiiweke karibu na miraba ambako vikosi vinaanzia.

Mpangilio wa tiba na madhara nao unataka uamuzi. Askari mwenye uhai 3 amesimama kwenye lava ya 4, na mganga jirani anaponya 5. Tiba ikitangulia anabaki na 4. Moto ukitangulia amekufa. Chagua mmoja na uufuate kwenye ramani zote. Amua pia kama ardhi yenyewe inaweza kuua. Watengenezaji wa mchezo wa kifantasia The Battle for Wesnoth waliamua kwamba sumu inakula uhai 8 kila zamu lakini haiui: inamwacha mtu na 1, adui amalizie.

Kuhusu kiasi, pima kwa pigo la kawaida. Ikiwa pigo moja la upanga linakula 6 hadi 8, lava ya 1 itapuuzwa na ya 10 itawatisha wote. Nusu ya pigo hadi theluthi mbili ni pazuri pa kuanzia. Wengine hutumia asilimia ya uhai ili jitu na zimwi dogo waumie sawa. Ukifanya hivyo weka kima cha chini cha 1, la sivyo asilimia 10 ya uhai 7 itakatwa hadi sifuri na majeruhi watapiga kambi motoni.

Fantasia inakupa kitu kingine: mraba uleule ukiwa sumu kwa huyu na nyumba kwa yule. Kwenye kinamasi cha Wesnoth, askari wengi wa kibinadamu wana asilimia 20 tu ya kukwepa pigo, huku watu-samaki wakiwa na 60. Kinamasi hicho hakihitaji kumwunguza mtu ili kiogopwe.

Unapochora, kusanya hatari pamoja. Miraba ya moto iliyotapakaa mmojammoja haibadilishi mpango wa mtu, inamwongezea kubofya tu. Na kama askari wanaruhusiwa kwenda kwa pembe, mkanda wa lava uliochorwa mshazari kwa upana wa mraba mmoja unavuja kila kona, kwa kuwa mtu anapenya katikati ya miraba miwili inayogusana kwa ncha. Uchore kwa ngazi, miraba iguse ubavu kwa ubavu. Ramani za pembesita, zenye vyumba vya pembe sita badala ya miraba, hazina taabu hii.

Mwisho, kompyuta inapocheza kama adui. Programu ya kutafuta njia ikihesabu hatua peke yake itatembeza jeshi lake zima ndani ya moto, na ukiipiga marufuku kabisa kuingia motoni itazunguka hata pale ambapo uhai 4 ungeipa ushindi. Iongezee gharama: kwa mfano, kila asilimia 10 ya uhai uliobaki itakayopotea ihesabiwe kama hatua 2. Askari mzima mwenye uhai 20 ataona mraba wa lava kama hatua 4 za ziada. Mwenye uhai 5 ataona 16, naye atazunguka.