Kanga ya kumtuza shoga: soma jina kwanza, rangi baadaye

Mtu akija dukani kutafuta kanga ya kumpa shoga yake, yaani rafiki yake wa kike, mara nyingi anaanza na rangi. "Nishushie ile ya kijani, shoga yangu anapenda kijani." Kanga inashushwa, inafunuliwa nusu, inapendeza, inalipiwa. Jina, yaani msemo uliochapwa juu ya kanga, linakuja kusomwa nyumbani, na pengine anayelisoma mwanzo ni yule aliyepewa. Hapo ndipo panapozuka maneno, kwa sababu kanga ya zawadi inasema, na inasema kwa niaba yako.

Nazungumzia kanga ya kutuzana: unayompa shoga aliyekusimamia arusi ya mwanao siku tatu hajakaa, jirani aliyekuja kukukanda maji ya moto mpaka arubaini ikatimia, au mwenzio wa kazini msiyedaiana kitu ila mnapendana. Kanga za desturi, kama mkaja wa mama wa bi arusi, mbeleko au kisutu, zina taratibu zake na wazee wake. Siziingizi humu.

Kanga ina pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na jina ndani ya kisanduku chake juu ya pindo la chini. Ikifungwa kiunoni, jina hukaa nyuma. Maana yake mvaaji ndiye pekee asiyeliona. Wanaolisoma ni waliomfuata: kwenye daladala, kwenye maulidi, kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo unapochagua jina jiulize maswali mawili. Je, atafurahi kuambiwa neno hili na wewe? Na je, atafurahi mkwewe akilisoma? Jibu la swali moja likiwa hapana, rudisha kanga rafuni hata iwe na rangi gani.

Zipo kanga zilizouzwa bila ya neno lolote. Majina yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa herufi za Kiarabu, kisha yakahamia herufi za Kirumi tunazosoma leo. Tangu hapo kanga imekuwa njia ya kusema lile ambalo mdomo unaona haya kulisema, na kwa zawadi ya shoga huo ndio uzuri wake na ndiyo hatari yake.

Chukua jina linalojulikana na kila mtu: "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Ukimpa shoga aliyekuja hospitali kila siku ulipolazwa, umemtuza. Ukimpa yule yule jina hilo hilo baada ya msiba wako ambao hakutokea, umemsuta mchana kweupe, hata kama wewe ulichokiona dukani ni maua mazuri tu. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni yaliyopita baina yenu. Ndiyo maana siamini orodha za "majina mazuri ya zawadi". Jina halina uzuri wake peke yake.

Au chukua "Wawili wakipendana adui hana nafasi." Linasikika tamu. Lakini kama nyinyi ni mashoga watatu na umempa mmoja, yule wa tatu atahesabu: wawili ni hawa, basi adui ni nani? Jina lenye hesabu ndani yake lipe watu wa hesabu hiyo hiyo. Kwa kundi, "Mkipendana mambo huwa sawa" linakaa vizuri zaidi, kwa sababu "m" ile inawakusanya wote waliopo.

Kuna njia ya haraka ya kupima ukiwa dukani na muuzaji anakuharakisha: tazama mwanzo wa kitenzi. Jina lenye "usi-" linamkataza aliyepewa. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ni jina zuri na la zamani, lakini ukimpa shoga mnayeuza naye bidhaa moja, atasikia kuwa unamwambia asikuige. Jina lenye "si-" au "ni-" linamfanya mvaaji ndiye msemaji, na hapo unamtia maneno mdomoni. "Hasidi hana sababu" halina mtu maalumu, lakini akilivaa uani kwake, jirani yake atajijaza mwenyewe kwenye nafasi ya hasidi. Ya namna hiyo mwachie mtu ajinunulie mwenyewe, kwa vita vyake mwenyewe.

Majina ya dua na ya kumtaja Mungu ni salama, ila usalama nao una bei yake. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" halimuudhi mtu, wala halimshukuru mtu. Nalipendekeza kwa urafiki mpya, ambao bado hamjajuana vya kutosha kusemeshana kwa mafumbo. Kwa shoga wa miaka ishirini ni kama kumpa mkono aliyestahiki kukumbatiwa.

Soma pia herufi moja moja. Kanga nyingi huchapwa na watu wasiojua Kiswahili, na herufi ikiruka maana hugeuka. Toa "ha" kwenye "Wema hauozi" uone kinachobaki. Na ikiwa doti, yaani jozi ya kanga, imeshakatwa, soma jina kwenye kanga zote mbili, kwa sababu nusu za doti mbili tofauti zenye rangi za kukaribiana zinaweza kuchanganywa rafuni.

Jina likishapita, ndipo shika kitambaa. Kanga nzuri ya zawadi ni ya pamba. Mpya huwa ngumu kwa sababu ya wanga, kwa hiyo ugumu si ushahidi wa uzito: fikicha pembe kwa vidole. Ikitoa unga mweupe na kulegea papo hapo, ulichokuwa unakilipia ni wanga. Nyanyua upande mmoja utazame mwangani. Ukiona vidole vyako wazi kabisa, itamsumbua mvaaji wa kanga moja. Pamba hutambulika kwa uzi: muombe mwenye duka, chomoa uzi mmoja ukingoni, uwashe. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini; uzi wa kiwandani uliochanganywa na plastiki huyeyuka ukajikunja kuwa kichembe kigumu. Uliochanganywa haunyonyi jasho, na kwa joto la Unguja la Januari atakushukuru kwa mdomo tu.

Rangi ijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa, usugue penye rangi nzito, hasa nyekundu na nyeusi. Doa hafifu ni kawaida ya kanga mpya. Kitambaa kikitoka kimekolea, mwambie unayempa aifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe. Nasikia kila siku watu wakishauriana kuiroweka kwa chumvi ili "ishike". Chumvi hairudishi rangi mbovu. Kinachosaidia hapo ni kuifua mbali na nguo nyengine.

Kukata ndiko kunakowaharibia wengi. Doti hutoka kiwandani ni kipande kimoja, kanga mbili zimeungana, kila moja kama sentimita 150 kwa 110. Kwa shoga wa kawaida mimi nashauri umpe haijakatwa wala haijapindwa. Inaonekana mpya, na yeye ataamua mwenyewe kama anataka kushona gauni. Ukiambiwa ni ya kuvaliwa siku hiyo hiyo, basi ikate. Tandaza juu ya meza, tafuta mstari baina ya pindo la kanga ya kwanza na la pili, ukate katikati yake kwa mkasi. Wapo wanaochana kwa mkono kwa sababu pamba huchanika sawa na uzi wake. Ni kweli, lakini chapa haifuati uzi kila mara. Ikiwa imechapwa upogo, mchano utaanza mahali pake na kumalizikia ndani ya pindo, kanga moja ikapata pindo nene na nyengine nyembamba. Kosa hilo halirekebishiki.

Kupinda ni kwenye pande mbili fupi zilizokatwa tu: kunja nusu sentimita, kunja tena, piga cherehani. Juu na chini ni ukingo uliofumwa na haufumuki. Fundi anayepinda pande zote nne anakuongezea bei na kukupunguzia kanga.

Kufukiza: makaa yaive mpaka yafunikwe na jivu, pasiwe na moshi wake wala ndimi za moto. Tia kipande kidogo cha udi kwenye chetezo, kanga iwe wazi, shubiri mbili juu yake, dakika mbili tatu kila upande, kisha ikunje mara moja harufu ikiwa ndani. Udi wa sukari ukitiwa kwenye makaa makali mno huungua, na kanga ikanuka sukari iliyokaa jikoni. Mafuta usiyapake kwenye kitambaa, yanaacha madoa ambayo kwenye kanga nyeupe hayatoki. Asumini inapendeza juu ya zawadi, lakini itie ndani ya karatasi; hugeuka hudhurungi kabla ya asubuhi na rangi yake hubaki.

Pana mtu mmoja ambaye kanga yake haifukizwi: aliye edani. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hajipambi wala hajitii manukato. Shoga yako akifiwa na mume, kanga ni zawadi njema sana, maana anazihitaji nyumbani, lakini iwe ya rangi tulivu, isiyo na harufu, na jina la subira. Nimetaja hili kwa sababu mkono wa mtu mkarimu huenda kwenye udi bila ya kufikiri.

Ikunje ili jina likae juu, lisomeke kabla haijafunuliwa. Ukilificha ndani, unamfanya alitafute mbele ya watu. Na kuhusu mbele ya watu: kwenye taarabu tuzo hunyanyuliwa juu ili ukumbi mzima uone nani anamtuza nani na kwa wimbo gani. Kanga ya shoga haitaki hivyo. Ikiwa unampa mmoja kati ya wengi, mpelekee kwake. Ikiwa wote wanapata, toa hadharani.

Wote wakipata, ndiyo sare. Hesabu vichwa, ongeza doti mbili, kwa sababu daima yupo aliyesahauliwa, na aliyesahauliwa kwenye sare hasahau. Kwa watu 26 nunua 28. Mwenye duka akikubali kuuza kwa korija, yaani ishirini kwa mara moja, kwa kawaida bei hupungua, kwa hiyo kundi la watu 18 halina hasara kuchukua korija nzima. Nunua zote siku moja, duka moja. Kanga ile ile ikichapwa upya huwa haifanani kabisa na ya mwanzo. Tofauti huioni rafuni, unaiona watu ishirini wakisimama pamoja juani kupiga picha. Usingoje mchango ukamilike ndipo uende sokoni Darajani, maana toleo likimalizika huenda lisirudi. Lipa, kisha dai. Najua ushauri huo ni mchungu kwa mtunza fedha.

Kuna waliobana matumizi wakagawana doti moja watu wawili. Kwa sare naona inapungua heshima, kwa kuwa moja ya kujitanda na moja ya kiunoni ndiyo vazi. Lakini mashoga wawili tu wakigawana doti kwa hiari yao, kila mmoja na nusu yake yenye jina moja, hiyo ni tuzo kubwa kuliko doti mbili. Usiifanye na mtu unayemuona mara moja kwa mwaka.

Kurudisha nako kuna adabu. Usirudishe wiki hiyo hiyo, itaonekana unalipa deni na kufunga hesabu. Subiri tukio lake: Idi, arusi, mtoto, kurudi Hija. Rudisha kilicho sawa au kilichozidi kidogo tu. Ukipewa doti ukarudisha doti tatu na kipande cha dhahabu, umemgeuza shoga kuwa mshindani, na asiye na uwezo atakukimbia.

Zinazongoja kutolewa zihifadhi mbali na ukuta wenye unyevu, hasa masika ya Machi hadi Mei, kwa sababu wanga wa kanga mpya huvuta ukungu na wadudu. Karafuu husaidia, lakini zifunge kwenye kitambaa. Mafuta yake hutia madoa. Kikaratasi cha jina la aliyekupa kishike kwa uzi. Pini hushika kutu hapa kwetu kwa msimu mmoja.

Kikaratasi hicho si mapambo. Bi arusi au mzazi hupokea kanga nyingi kwa siku moja, na baada ya mwezi hakumbuki ipi ya nani. Andika kwenye daftari tarehe, aliyetoa, jina la kanga na rangi yake. Kuhamisha kanga uliyopewa ukampa mwengine hakuna aibu, sote tunafanya, ila mwenyewe asiione. Kanga iliyotoka kwa mtu wa Chake Chake, Pemba, ihamishie Makunduchi, Unguja.